Leo Hawezi Kuja

Juzi mtoto wa mjomba wangu alinitumia uwele kutoka Kinampanda, debe moja ndani ya kiroba kilichofungwa kwa kamba ya katani. Nilipokifungua hapa mjini, jikoni kwangu Mandewa, vumbi lake likanipanda puani, vumbi lile jepesi lenye harufu ya majani makavu na jua, nikajikuta nimekaa sakafuni, bibi mzima, nimekikumbatia kiroba. Wajukuu wakaniuliza kama nimenunua chakula cha vifaranga. Sikuwagombeza. Wao wamekulia ugali mweupe wa mashineni, ule usio na harufu wala habari. Ila ninyi wenzangu wa rika langu mliokulia Iramba mnajua kwamba hakuna punje ya uwele iliyofika chunguni bila mtu kugombana na ndege kwanza. Kwetu aliyegombana nao alikuwa Shangazi.

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba. Homa ya utotoni ilimwachia mguu wa kulia uliopooza, mwembamba, ukiburuzika nyuma yake kila alipotembea. Alitembelea mkongojo alioukata na kuuchonga mwenyewe, na pale juu panapokaa kwapani aliufunga kipande cha ngozi ya mbuzi alichokipaka samli kila baada ya siku chache kisimchune. Ndiyo maana alinukia samli. Nilipokuwa mdogo nilidhani hiyo ni harufu ya mashangazi wote. Mikono yake sasa, hiyo ilikuwa habari nyingine. Ilikuwa imeubeba mwili miaka yote, ikakomaa, na kaka zangu walioshindana naye kulaza mkono waliondoka wakijisugua viwiko na kusingizia uchovu wa kuchunga. Hakuolewa, alikaa kwetu. Baba alimwita Dada, mama alimwita Wifi, sisi watoto tulimwita Shangazi, na wasio na simile walimwita yule kiwete wa kwa Elia. Elia ni baba yangu.

Kila uwele ulipoanza kutoa masuke, Shangazi alihamia shambani mchana kutwa. Baba alimjengea kichanja cha miti kirefu kuliko mtu, naye alikipanda kwa mikono, mguu ukining'inia, mkongojo ameuacha chini. Akishakaa juu alitoa kombeo lake, akatia bonge la udongo, akalizungusha mara mbili na kuliachia, na mlio wake tuliusikia mpaka nyumbani. Kwelea kwelea walikuja kwa maelfu, kundi zima likigeuka kwa pamoja angani, na akikosa kuwawahi walimaliza kipande cha shamba kabla hujamaliza kusema. Hakuwa mtu wa kukosa. Mimi nilimpelekea uji kwenye kibuyu, nikapanda kukaa naye, tukatazama majabali yakikauka baada ya mvua na mvuke ukipanda juu yake. Aliniruhusu kurusha mabonge yangu, ambayo yaliangukia miguuni petu, naye akaniambia kwa uso mkavu kabisa kwamba ndege wamenisikia. Nimekaa sehemu nyingi nzuri tangu siku zile, na bado nakipenda kile kichanja kuliko zote.

Kisha tukahamia kijiji kipya cha ujamaa. Shangazi alisafiri juu ya mkokoteni wa ng'ombe, amelikalia jiwe la kusagia lisidondoke, kuku wanne wamo mapajani mwake, akiwaamkia watu wa njiani kama bibi harusi. Huko nyumba zilipangwa kwa mstari, shule ilikuwa karibu, na watoto wa kucheza nao walikuwa wengi hadi sikujua nianze na nani. Watu wazima walinung'unikia mashamba waliyoyaacha, lakini mimi, lazima niseme ukweli, nilikipenda kijiji tangu siku ya kwanza. Kulikuwa na shamba kubwa la kijiji ambalo wote walilifanyia kazi pamoja. Asubuhi majina yaliitwa kutoka kwenye orodha, kila mtu akajibu "Nipo", ndipo majembe yakainuliwa. Nilikuwa nikiisikia sauti ya majina hayo nikienda shule, na ilinipendeza.

Nilikuwa darasa la pili. Mwalimu wetu alikuwa kijana mwembamba aliyependa kuchora kuliko kuandika, na siku moja alitaka kutueleza maana ya kujitegemea. Akachora ubaoni mtu aliyeinama, ameshika fimbo. Akasema huyu ni mtu anayewategemea wengine, na fimbo ndiyo hiyo misaada yao. "Anayejitegemea anasimama kwa miguu yake mwenyewe," akasema, kisha akaifuta ile fimbo kwa kiganja chake. Nilikodoa macho. Yule mtu wa chaki hakuanguka. Alibaki vilevile, ameinama kidogo, mkono mtupu uko mbele yake. Wenzangu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa namfikiria Shangazi. Kiswahili chetu cha kule tulijifunzia pembeni ya Kinyiramba, na nyumbani kwetu kutegemea na kuegemea lilikuwa jambo moja: ngazi ilitegemea ukuta, na Shangazi alitegemea mkongojo. Sikuwa na shaka hata chembe kwamba serikali imepiga marufuku mikongojo.

Haikupita wiki, balozi wa nyumba kumi akapita nyumba hadi nyumba kutangaza kwamba mtu wa maendeleo anakuja kutoka wilayani kuandika watu. Wenye nguvu wataandikwa kwenye orodha ya kazi. Wasiojiweza wataandikwa peke yao, na baada ya mavuno litakuja lori kuwachukua kwenda kwenye makazi yao huko upande wa reli, wakatunzwe. Alilisema kama jambo jema, na nadhani aliliamini. Nilimuuliza mama watajuaje kama mtu anajiweza. Mama alikuwa anapepeta, mawazo yako kwenye ungo, akanijibu kwamba anayejitegemea ndiye anayejiweza, na niondoke kwenye makapi.

Jioni ile, tukiwa tumekaa nje, Shangazi alimwambia baba, "Elia, mimi sitaki kwenda kufia kwa watu nisiowajua." Baba akamwambia kwamba hakuna wa kumpeleka popote, yeye atasema. Lakini baba hakuwa msemaji. Mbele ya mtu aliyevaa viatu vya ngozi ulimi wake ulikuwa mzito, na hata mimi nililijua hilo. Nikakata shauri kwamba kumwokoa Shangazi ni kazi yangu.

Asubuhi ya kuandikwa, Shangazi aliketi kwenye jiwe akisaga, mkongojo umesimama mlangoni. Nikauchukua. Tembe letu lilikuwa la chini, juu yake tulianika maboga na majani ya mlenda, nami nilipanda huko kila siku, kwa hiyo hakuna aliyenishangaa. Nikaulaza mkongojo nyuma ya maboga, nikashuka, nikakaa kumsubiri Shangazi asimame. Kweli nilimsubiri. Nilikuwa na furaha moyoni. Alipomaliza alinyoosha mkono kuutafuta mkongojo bila kutazama, kama alivyozoea, mkono ukapapasa ukuta. Akajishika kwenye mhimili wa mlango, akajivuta, akasimama. Kwa kitambo kidogo alifanana na yule mtu wa ubaoni, nikakaribia kupiga makofi. Kisha akaanguka, goti likapiga kwenye kizingiti, damu ikatoka.

Ungefikiri ningesema hapohapo. Sikusema. Kadiri walivyozidi kutafuta ndivyo nilivyozidi kushindwa. Walitafuta zizini, wakatafuta kwenye kuni, mama akawagombeza mbwa. Jua likapanda. Shangazi akamwambia baba atangulie, yeye atafuata ukipatikana. Baba akaondoka na mimi nikamfuata, maana sikuweza kubaki pale na lile goti.

Mbele ya ghala la kijiji paliwekwa meza, na mtu wa maendeleo alikuwa ameketi na karatasi zake. Hakuwa mkali, alicheka na watu na kuwauliza habari za mifugo. Baba alipofika alimwandika yeye, mama na kaka zangu. Kisha akauliza, "Na dada yako yuko wapi?" Baba angeelezaje mbele ya mgeni na umati wote ule kwamba nyumbani kwake kumepotea mkongojo?

"Hawezi kuja," akasema.

Yule bwana akatikisa kichwa kwa huruma, akaandika. Baba hakujua kusoma. Mimi nilijua, nikanyoosha shingo. Ilikuwa karatasi nyingine, siyo ile aliyoandikwa baba, na palisomeka hivi: dada wa Elia, hajiwezi. Baba alishukuru, akaondoka akiwa ametua mzigo. Nilimwambia tukiwa njiani. Alisimama, akaniambia niseme tena, nikasema tena, na tulipogeuka kurudi gari la wilaya lilikuwa limeshatoa vumbi barabarani.

Shangazi tulimkuta amekaa mlangoni. Alikuwa ametambaa kuzunguka nyumba nzima akitafuta, kanga imejaa udongo. Akamsikiliza baba mpaka mwisho, kisha akamtaka arudie neno kwa neno alivyoulizwa na alivyojibu. Baba akarudia.

"Ungeongeza neno moja tu, Elia," akasema. "Leo. Ungesema leo hawezi kuja."

Hakupandisha sauti. Baba aliinamisha kichwa, mtu mzima yule, na hapo ndipo nilipovunjika. Nikapanda juu ya tembe wote wakinitazama, nikaushusha mkongojo huku nalia kwa kwikwi. Mama akatafuta kitu cha kunichapia. Shangazi akamzuia, akanivuta kwake, akataka kujua sababu. Nikamweleza yote, mtu wa chaki, fimbo iliyofutwa, na mikongojo iliyokatazwa na serikali. Akaanza kucheka. Alicheka hadi machozi yakamtoka, na mama naye akashikwa, na mwishowe hata baba. Baadaye Shangazi akajifuta uso kwa kanga.

"Mkongojo huu aliukata nani?"

"Wewe."

"Akauchonga nani?"

"Wewe, Shangazi."

"Basi nikiuegemea namtegemea nani?"

Akaniambia nikawashe moto.

Siku hizi mambo yamebadilika. Tuna sheria, na kwenye fomu kuna kisanduku kilichoandikwa mtu mwenye ulemavu, na mimi nimo kati ya wanaolishangilia neno hilo, maana lilipiganiwa na watu waliochoka kusemewa. Lakini bado namsikia mtu redioni akitoa pole zake kwa wasiojiweza, na kila nikilisikia naliona lile goti kizingitini. Wale wa wakati ule hawakuwa wabaya. Waliamini wanamtua mtu mzigo. Tatizo lao ni kwamba hawakumuuliza mwenyewe, na mimi nina haki gani ya kuwasema, wakati nami sikumuuliza.

Goti lilipopoa kidogo, Shangazi alinichukua tukaenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Ni mwendo wa mtu kunywa maji na kurudi, sisi tulitumia asubuhi nzima, tukipumzika kila penye jiwe. Nilimwamkia mwenyekiti shikamoo, akaitikia, akamletea Shangazi kigoda. Alikuwa mtu mwenye heshima zake, mpole. Akasema karatasi imeshakwenda wilayani na karatasi ikishakwenda ni vigumu kuirudisha, na zaidi ya hayo, haoni shida iko wapi. Shangazi atakula bila kutoka jasho.

"Anayekula bila jasho mmetufundisha kumwita mnyonyaji," Shangazi akasema. "Kila mkutano mnasema hivyo. Sasa mwenyekiti unataka niwe mnyonyaji?"

Mwenyekiti akajikuna shingo. Akauliza, kwa adabu tu, ni kazi gani ataiweza, maana jembe linataka miguu miwili. Shangazi akamwambia atalinda ndege. Mwenyekiti akacheka kidogo, akasema hiyo ni kazi ya watoto, haijawahi kuandikwa kwenye orodha ya kazi mahali popote.

"Watoto mmewapeleka shule. Uwele ukitoa masuke mtawatoa darasani, au mtawaachia ndege?"

Nakumbuka kuku aliyekuwa akidonoa kwenye kigoda cha Shangazi. Nadhani hakuna aliyekuwa amelifikiria jambo hilo. Mwalimu wetu alikuwa ameshalalamika kwamba msimu wa ndege darasa linabaki na madawati matupu. Mwenyekiti hakuahidi kitu, alisema atalifikisha kwenye kamati. Kamati ikakaa mara mbili. Wengine walisema ataanguka kichanjani waje walaumiwe, wengine walisema jina likishaandikwa limeandikwa. Mwishowe wakamwambia ajaribu, upande wa majabali, ambako ndege walikuwa wengi kuliko kote, na kama atashindwa basi lori litakuja kama ilivyopangwa.

Tulikaa roho juu msimu ule wote. Baba alijenga kichanja, safari hii kirefu zaidi, na Shangazi akapanda juu yake kabla ya jua na kushuka ndege walipokwenda kulala. Alifunga kamba ndefu zenye makopo kutoka kichanjani hadi kona za shamba, akizivuta kwa mguu mzima, mikono ikibaki na kombeo. Nilipotoka shule nilikimbia moja kwa moja kumpelekea uji. Viganja vyake vilitoka malengelenge, yakapasuka, vikawa vigumu kama gome. Siku moja kundi kubwa lilishuka akiwa amekwenda kujisaidia, na wajumbe wawili wa kamati waliokuwa wanapita waliliona. Hakulia, lakini siku ile hakunywa uji. Mimi ndiye niliyeunywa, na niliunywa nikiomba kimoyomoyo, na ahadi nyingi nilizompa Mungu sijazitimiza hadi leo.

Mavuno yalipokwisha gari la wilaya lilirudi, na nyuma yake lori. Tukakusanyika mbele ya ghala, ambalo safari hii mlango wake haukufungika kwa uwele. Baba alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Mtu wa maendeleo akasoma karatasi ya wa kwenda makazini. Wa kwanza alikuwa mzee kipofu aliyefiwa na watu wake wote. Yeye alikuwa ameomba mwenyewe kwenda, akatuaga mmoja mmoja kwa kutushika uso, akapandishwa. Kisha yule bwana akasoma, "Dada wa Elia."

Baba akasogea mbele. Kabla hajasema, mwenyekiti akampa yule bwana karatasi nyingine, akamwomba aisome hiyo kwanza. Ilikuwa orodha mpya ya wote waliofanya kazi ya shamba la kijiji msimu ule. Akaisoma kwa sauti, na watu wakajibu mmoja mmoja, Nipo, Nipo, baba naye akajibu, mama akajibu. Ilikuwa ndefu. Karibu na mwisho akasoma jina la Raheli Mkumbo, mlinzi wa ndege.

Hakuna aliyejibu. Watu wakatazamana. Mimi nikageuka huku na huku kumtafuta huyo Raheli, nikidhani ni mlinzi mwingine, mgeni aliyehamia kutoka kijiji kingine. Yule bwana akarudia jina.

"Nipo," akasema Shangazi nyuma yangu.

Mtu wa maendeleo akamtazama, akatazama karatasi moja, kisha nyingine. Akamuuliza mwenyekiti kama huyu ndiye dada wa Elia. Mwenyekiti akasema ndiye. Yule bwana akatoa kalamu mfukoni, akapiga mstari kwenye karatasi ya wa kwenda makazini, na lori likaondoka na yule mzee peke yake.

Tulirudi nyumbani polepole kwa mwendo wa Shangazi, baba yuko kando yake, hawazungumzi. Mimi na mama tulikuwa nyuma. Nilimuuliza mama kwa nini hakuwahi kuniambia kwamba Shangazi anaitwa Raheli. Mama akaniambia kwamba hata yeye alikuwa hajui.